Nauvoo, Salt Lake, Joseph City au Iosepa: uende wapi kuisoma Sayuni ya Wamormoni ardhini?

Ukipewa anwani Salt Lake City, usihangaike kutafuta jina la mtaa. Utaambiwa nyumba iko 900 Kusini, 400 Magharibi, basi. Namba hizo zinahesabiwa kutoka uwanja wa hekalu, ambapo Orson Pratt, mmoja wa viongozi wa Wamormoni, alianzia vipimo vyake Agosti 1847. Familia ya wakimbizi kutoka Uvira au Fizi iliyopangiwa nyumba huko, wawe Wapentekoste, Wakatoliki au Waislamu, kila wanapotaja wanakokaa wanataja umbali wao na hekalu ambalo pengine hawajawahi hata kulisogelea.

Mambo ya namna hiyo ndiyo kazi ya akiolojia ya mandhari. Haiishii kwenye shimo la mita mbili kwa mbili na vigae vyake. Inasoma barabara, mifereji, nyua, mipaka ya mashamba, makaburi, hata nafasi iliyoachwa wazi makusudi, ikiuliza waliopanga hivi waliamini nini, na mpango wenyewe ukawafanya waamini nini. Makazi ya karne ya 19 ya Wamormoni, wafuasi wa kanisa lililoanzishwa na Joseph Smith huko Marekani, yanafaa sana kwa swali hilo kwa sababu wenyewe waliandika mpango wao, kisha wakaurudia katika mamia ya vijiji. Kitu kinachorudiwa ndicho unachoweza kukilinganisha.

Ila huwezi kwenda kote. Nimechagua maeneo manne, nikimfikiria mwanafunzi anayetafuta mahali pa tasnifu yake, au mtu aliyeko Marekani mwenye nauli ya safari moja. Sitayagawia nafasi sawa, maana hayana uzito sawa.

Onyo dogo kabla ya safari. Ukitafuta maktabani "akiolojia" pamoja na "Mormoni", utakutana kwanza na watu wanaosaka miji inayotajwa katika Kitabu cha Mormoni, maandiko matakatifu ya kanisa hilo, huko Meksiko na Guatemala. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Hapa tunazungumzia watu wa juzijuzi, wenye shajara, picha na hati za viwanja.

Mchoro wa 1833

Bila mchoro huu huna cha kupimia. Juni 1833, miaka mitatu tu baada ya kulianzisha kanisa, Joseph Smith alituma kutoka Kirtland, Ohio, ramani ya mji wa Sayuni uliokusudiwa kujengwa Independence, Missouri. Mji wa maili moja ya mraba. Vitalu vingi vya ekari 10, viwanja vya nusu ekari, nyumba moja kwa kila kiwanja, ya tofali au jiwe, ikirudi nyuma futi 25 ili mbele pawe na bustani. Barabara za upana wa futi 132. Katikati, mahekalu 24. Mazizi na mashamba yawe nje ya mji: mkulima alale karibu na shule na mahali pa ibada, alfajiri ndiyo atoke kwenda kulima. Viwanja vya kitalu kimoja vilitazama kaskazini na kusini, vya kitalu cha pili mashariki na magharibi, ili mtaa usijae nyumba mfululizo mwanzo hadi mwisho. Mji ukifikisha watu elfu 15 hadi 20, uchorwe mwingine kando yake, na mwingine tena, mpaka dunia ijae.

Mji huo haukujengwa. Kabla mwaka haujaisha waumini walikuwa wamefukuzwa Jackson County. Mchoro ndio uliosafiri nao, na kila walikotua, kuna kitu ndani yake kilichogoma. Kwa hiyo ninapochagua eneo siangalii mahali mpango ulipotimia vizuri. Natafuta mahali ulipopinda, kisha nauliza nani aliyeupinda: mto, upepo, pesa, au binadamu walioambiwa wakae kando.

Nauvoo, Illinois

Hapa ndipo wengi huanzia, na si vibaya. Waumini walifika kwenye kona hii ya mto Mississippi mwaka 1839, na kufikia katikati ya miaka ya 1840 mji ulikuwa na watu kama 12,000. Mchoro ulikuwa umeshapinda: vitalu vilikuwa vya ekari nne, kila kimoja na viwanja vinne vya ekari moja, na barabara zilikuwa nyembamba kuliko zile za Sayuni. Kiwanja kikubwa namna hiyo kilimaanisha ng'ombe, kuku na bustani ya mboga viliingia mjini, kinyume na maagizo. Chini palikuwa tambarare ya kinamasi yenye malaria, ikakaushwa kwa mitaro. Juu kilimani wakasimamisha hekalu, ili msafiri wa mtoni alione kabla ya kuona kitu kingine chochote. Joseph Smith aliuawa katika jela ya Carthage, 27 Juni 1844. Februari 1846 msafara wa kwenda magharibi ukaanza kuvuka mto. Hekalu liliungua 1848, na mwaka 1850 kimbunga kikaangusha kuta.

Uchimbaji mkubwa ulifanyika miaka ya 1960, hasa baada ya shirika la Nauvoo Restoration kuanzishwa 1962. Msingi wa hekalu ulichimbuliwa na J. C. Harrington pamoja na mkewe Virginia. Huyu Harrington ndiye aliyefanya kazi Jamestown, koloni la kale la Waingereza huko Virginia, na ndiye aliyegundua kwamba tundu la kiko cha udongo lilizidi kuwa jembamba kadiri miaka ilivyosonga, kwa hiyo vipande vya viko vinaweza kukupa tarehe. Nacheka kila nikifikiria: bingwa wa viko akichimba kwa watu walioambiwa tangu 1833 kwamba tumbaku si ya mwili wa binadamu.

Shida ya Nauvoo ni kile unachokiona leo. Nyumba zilizorudishwa ni za tofali, za wakubwa: Brigham Young, aliyeliongoza kanisa baada ya Joseph Smith, Heber C. Kimball, Wilford Woodruff. Kati yake kuna nyasi zilizokatwa kama zulia. Wengi wa wakazi wa mwanzo waliishi katika nyumba za magogo, kwenye tope, na nguruwe wakipita mlangoni. Baada yao walikuja Waikaria, wajamaa wa Kifaransa wa Étienne Cabet, mwaka 1849, halafu Wajerumani na mizabibu yao. Tabaka zao zimesimuliwa kwa sauti ya chini. Tena kwa miaka mingi mji uligawanyika kati ya makanisa mawili yanayodai urithi mmoja wa Joseph Smith, lile la Utah na Community of Christ, kila moja likichimba na kusimulia upande wake. Machi 2024 kanisa la Utah lililipa dola milioni 192.5 kwa kanisa la Community of Christ na kuchukua hekalu la Kirtland pamoja na majengo ya Joseph Smith hapo Nauvoo. Hekalu la Nauvoo lenyewe lilijengwa upya na kuwekwa wakfu 27 Juni 2002, siku ileile ya kifo cha Joseph.

Basi ukienda Nauvoo, nenda ukiwa na swali la kumbukumbu: kanisa la karne ya 20 lilichimbaje historia yake, likabakiza nini, likafagia nini? Kwa swali hilo sijui mahali pazuri zaidi. Kwa swali la maisha ya miaka ya 1840, sura ya juu ya ardhi itakupotosha usipokuwa mwangalifu. Kiingilio hakuna. Wenyeji wako watakuwa wamisionari, watu wa adabu sana, na ukiwauliza kuhusu matabaka ya udongo watakujibu kuhusu imani.

Salt Lake City, Utah

Huu ndio mji ulioukaribia zaidi mchoro, na kwa mtu asiye na gari ndio rahisi kupita yote: kuna uwanja wa ndege, kuna treni, na unatembea kwa miguu. Ramani ya Agosti 1847 ilikuwa na vitalu 135 vya ekari 10, kila upande futi 660, barabara futi 132. Viwanja vilikuwa vinane kwa kitalu, kila kimoja ekari moja na robo.

Mtu yeyote utakayemuuliza kuhusu upana wa barabara atakuambia Brigham Young alitaka mkokoteni wa maksai uweze kugeuka bila dereva kutukana. Hadithi tamu. Lakini futi 132 ziko kwenye mchoro wa 1833, miaka 14 kabla maksai hao hawajaliona bonde. Barabara ilikuja na imani. Sababu ya maksai ikaja baadaye kuifanya ionekane ya kawaida. Mwanafunzi akishika jambo hili moja tu, ameshapata nusu ya somo.

Kitu cha pili ni maji. Mifereji ilipita kando ya barabara, na mito ya milimani haikuruhusiwa kuwa mali ya mtu. Ofisi ya ardhi ya serikali ya Marekani haikufunguliwa huko hadi 1869. Kwa miaka zaidi ya 20, aliyekugawia kiwanja na zamu ya maji alikuwa, kwa namna moja au nyingine, kanisa. Mji uligawanywa katika kata, na kata ilikuwa ya askofu kabla ya kuwa ya diwani.

Udhaifu wake ni lami. Vitu vingi viko chini ya majengo na maegesho, na mwanaakiolojia husubiri mtu achimbe msingi wa ghorofa ndipo achungulie. Ndivyo yalivyopatikana, mwaka 1986, makaburi ya walowezi wa mwanzo. Kwa tasnifu ya uwandani, mji huu utakukatisha tamaa. Kwa siku mbili za kujifunza kusoma ramani, nenda. Hesabu vichochoro vilivyokatwa ndani ya vitalu: kila kichochoro ni mtu aliyeona ekari 10 ni kubwa mno kwa maisha halisi. Hekalu lilijengwa kwa miaka 40, kuanzia 1853 hadi 1893, na mwishoni mwa 2019 lilifungwa kwa ukarabati mkubwa unaohusu zaidi msingi wake. Miezi mitatu tu baadaye, Machi 2020, tetemeko likaiangusha tarumbeta ya sanamu ya malaika iliyokuwa kileleni. Wahandisi walihitaji hoja gani zaidi?

Joseph City na ndugu zake waliokufa, Arizona

Sasa tunafika kwenye maeneo ninayoyapenda. Mwaka 1876 walowezi walitumwa kando ya mto Little Colorado, wakaanzisha kambi nne: Sunset, Brigham City, Obed na Allen's Camp. Waliishi ndani ya ngome, mali ikiwa ya pamoja, chakula kwenye meza ndefu moja. Mto ule una tabia mbaya: karibu mwaka mzima ni mchanga, siku ukija unakuja wote. Bwawa likijengwa linasombwa, likijengwa tena linasombwa. Obed ilikimbiwa 1877 kwa sababu ya malaria. Brigham City ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1880, Sunset kabla ya muongo kwisha. Ikabaki Allen's Camp peke yake, ambayo ndiyo Joseph City ya leo.

Hapa una kitu ambacho Nauvoo haiwezi kukupa, yaani jaribio moja lililofanywa mara nne katika bonde moja, likafeli mara tatu. Umbali ni mdogo, udongo ni uleule, imani ni ileile. Kwa nini mmoja aliishi?

Eneo hili lina heshima yake katika taaluma pia. Mapema miaka ya 1970, Mark Leone aliandika kuhusu nyua za vijiji vya Wamormoni huku Arizona. Wengine walikuwa wakiona mbao zilizochakaa. Yeye akasema uzio ni teknolojia: unazuia mchanga unaopeperushwa na upepo, unazuia mifugo, na bila huo hakuna bustani, na bila bustani hakuna kijiji. Kisha akaenda mbele zaidi. Bustani iliyochanua ndani ya uzio ilikuwa ushahidi wa kidini, maana waumini walishika ahadi ya Isaya ya jangwa kuchanua kama waridi. Uzio ukawa unafanya kazi mbili kwa pigo moja: unalinda kabichi na unamthibitishia mwenye kabichi kwamba Mungu yuko upande wake. Tena ulimgawia kila mtu kijieneo chake ndani ya jamii iliyohubiri ushirika, na Leone aliona humo mafunzo ya namna ya kufikiri.

Mimi nakubali sehemu ya kwanza kuliko ya pili. Mfugaji asiye Mmormoni aliyekaa kwenye upepo uleule naye alijenga uzio. Kama uzio unatengeneza fikra, ulimtengenezea yeye fikra gani? Lakini pingamizi hilo ni zawadi kwa mwenye kutafuta mada, kwa sababu Winslow na Holbrook ziko hapohapo kila upande wa Joseph City, na zilikua na reli iliyofika mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mji wa reli unaelekeza uso kwenye njia ya treni. Weka ramani za nyua, mifereji na miti ya Winslow kando ya zile za Joseph City, uone kipi ni cha upepo na kipi ni cha imani. Kazi hiyo inaweza kuanza kwa picha za angani ukiwa Dodoma au Bujumbura, kabla ya kukata tiketi.

Na usisahau waliotangulia. Makaburi ya Sunset yako ndani ya hifadhi ya Homolovi karibu na Winslow, pamoja na magofu ya vijiji vya mababu wa Wahopi. Walowezi waliona jangwa tupu linalosubiri kukombolewa. Walikuwa wakizika watu wao jirani na kijiji cha mtu.

Kufika ni rahisi ukiwa na gari. Barabara kuu ya 40 inapita hapo. Kiangazi ni kikali na vivuli ni vichache. Ngome ya Brigham City imejengwa upya kwa sehemu, mengine ni mawe na kumbukumbu.

Iosepa, Utah

Kama ningeruhusiwa eneo moja tu, ningechukua hili. Skull Valley, kama maili 75 kutoka Salt Lake City kwa barabara. Agosti 28, 1889, kundi la waumini kutoka Hawaii lilifika kwenye ranchi iliyonunuliwa kwa ajili yao. Iosepa ni Yusufu kwa Kihawaii, kwa heshima ya Joseph F. Smith, aliyekwenda visiwani kama mmisionari akiwa kijana wa miaka 15.

Walikuja Utah kwa sababu waliitwa, kama waumini wote walivyoitwa, wakusanyike Sayuni wawe karibu na hekalu. Lakini mjini Salt Lake walikutana na ubaguzi, na suluhisho likawa kuwapeleka jangwani. Hebu tazama mpango huo: mji uliochorwa kwa mistari ya Sayuni, vitalu, barabara zilizonyooka, uwanja katikati, mitaa ikapewa majina ya kwao, ukawekwa mahali ambapo hekalu halionekani. Mchoro uleule uliobuniwa kuwakusanya watu pamoja ukatumika kuwaweka mbali. Ndiyo maana naiweka juu. Kwingine mchoro ulipindishwa na mto au pesa. Hapa mistari ilibaki kuwa ya Sayuni, bado maana yake ikageuka.

Na wakazi hawakukaa wakilia. Walileta maji kutoka milimani, wakapanda miti na mawaridi katika bonde la magadi, wakafuga, wakaimba. Wakafanya kazi kwa ujira katika kampuni ya kanisa. Mwaka 1896 watatu waligundulika na ukoma. Baridi na magonjwa viliwapunguza, na bado kufikia miaka ya 1910 mji ulikuwa na watu zaidi ya 200 na sifa ya unadhifu.

Kisha mwaka 1915 ikatangazwa kwamba hekalu litajengwa Lāʻie, Hawaii. Hadi 1917 Iosepa ilikuwa imehamwa na ardhi ikauzwa kwa kampuni ya mifugo. Baadhi ya wakazi walikuwa wamezaliwa hapo, hawakujua nyumbani kwingine. Wapo walioondoka wakilia. Sababu ya mji kuwepo ilikuwa hekalu, na hekalu lilipohamia kwao, mji ukakosa sababu. Siku hizi kanisa linawaambia waumini wajenge Sayuni walipo, na Kinshasa imekuwa na hekalu tangu 2019. Iosepa ni mahali unapoweza kusimama juu ya mstari ambapo fundisho la zamani lilikutana na jipya.

Kwa mwanaakiolojia, kilichobaki ni kizuri kwa sababu ni kidogo na hakikujengewa juu: misingi, alama za mitaa, mabomba ya maji, makaburi. Benjamin Pykles na wenzake walichimba hapo wakiuliza namna Wahawaii hawa walivyojieleza kama watakatifu na kama Wahawaii kwa pamoja. Pykles huyohuyo ameichunguza pia historia ya uchimbaji wa Nauvoo, kwa hiyo kazi zake zinakuunganishia ncha mbili za ulinganisho huu.

Ugumu upo. Sehemu kubwa ni shamba la watu binafsi, na bila ruhusa ya mwenye ardhi huingii, sembuse kuchimba. Makaburi ndiyo yanayotembelewa. Hakuna duka, hakuna wa kukusimulia, isipokuwa wikendi ya mwisho ya Mei, siku za kuwakumbuka marehemu nchini Marekani, wazao na watu wa visiwa vya Pasifiki wanapokuja kufagia makaburi, kupika na kucheza ngoma zao. Ukienda wakati huo, nenda kama mgeni msibani: salimia wazee kwanza, kamera baadaye, na usiokote hata kigae.

Kwa ufupi wa mfukoni

Una siku mbili na huna gari: Salt Lake, ukiwa na nakala ya mchoro wa 1833 mkononi. Unaandika kuhusu makumbusho, urithi na nani anamiliki simulizi: Nauvoo. Unataka hoja ya kinadharia ya kubishana nayo na data za kutosha: Little Colorado, na chukua Winslow kama mzani. Unataka kuuliza Sayuni ilikuwa ya nani hasa: Iosepa, lakini anza kuomba ruhusa miezi mingi kabla.

Nimeacha Orderville, kijiji cha Utah kilichoishi kwa mali ya pamoja kuanzia 1875 hadi 1885, kwa sababu kinasomeka vizuri zaidi kwenye makaratasi kuliko ardhini. Kuiacha Pipe Spring, Arizona, kumenisumbua zaidi. Ngome yake ya 1870 ilijengwa juu ya chemchemi yenyewe, kwa hiyo Wapaiute wa Kaibab, waliokuwa wakinywa hapo tangu zamani, walikuta kuta mahali pa maji. Leo ni hifadhi ya taifa iliyozungukwa na ardhi ya Wapaiute. Kama swali lako ni la waliopokonywa, futa orodha yangu yote uende huko.